Pazuri, Bwana

Rafiki yangu, leo nimekasirika tangu asubuhi, na linaloniudhi zaidi ni kwamba sijui nimkasirikie nani. Mjukuu wangu amekuja kutoka Dodoma mjini kunijengea nyumba. Nyumba ya matofali na bati, yenye madirisha. Ni mtoto mwema, sina neno naye. Wajukuu wangapi siku hizi wanakumbuka kwamba bibi naye hulowa mvua ikinyesha? Amepigilia vigingi kule juu kwenye mwinuko, akafunga kamba, akasimama katikati ya kamba zake mikono kiunoni, akaniambia, "Bibi, hapa pazuri. Utaona mpaka barabarani." Nami nikajibu, "Pazuri, baba." Akapanda lori akaenda kufuata mawe.

Toka hapo sijatulia. Nimeinjika mlenda ukaungua, na mlenda hauunguzwi na mtu mwenye akili zake. Ni lile neno, pazuri. Nilikua nikilisikia, na nilidhani nimeachana nalo tangu utoto wangu. Kumbe limelala mdomoni mwangu miaka yote hiyo likingoja mtu mwenye kamba.

Nimechukua daftari langu. Huwa naandika humu mambo madogo tu, mvua imenyesha, kuku ameibwa na kicheche. Shule niliishia kusoma, kuandika na kujumlisha; kutoa kulinishinda. Kwa hiyo ukiona nimeruka mahali, usidhani nakuficha. Ama sikumbuki, ama sijui linavyoandikwa.

Ilikuwa wakati wa Mdachi. Reli ilikuwa bado inakuja. Sisi tuliijua kwa maneno ya vijana waliochukuliwa kwenda kuitengenezea njia. Kijiji chetu kilikuwa njia ya Haneti, na kaya yetu ilikuwa tembe. Labda wewe hukuliona tembe, basi nikueleze. Ni nyumba ndefu, fupi kwa kimo, iliyozunguka zizi la ng'ombe pande zote. Paa lake limelala kama mkeka, miti chini, udongo juu, na mtu mzima akiingia mlangoni huinama kama anayesalimu. Kila mwanamke aliyeolewa alikuwa na sehemu yake ndani ya mzunguko ule: chumba cha mbele chenye jiwe la kusagia, na chumba cha ndani chenye giza, penye vilindo vya nafaka na ngozi ya kulalia. Milango yote ilitazama ng'ombe. Kwa nje ukuta ulikuwa mtupu, hauna tundu hata la panya. Nje kulikuwa na fisi, na kulikuwa na upepo.

Kuhusu upepo wa Ugogo sijui niseme nini. Unatoka mawio ya jua, unaanza mavuno yanapokwisha, na unavuma kama una kisa na mtu. Tulikuwa tukila ugali wa uwele na mchanga kidogo, na hatukusema kitu, tulitafuna polepole.

Msimu ule mama yangu alikuwa mjamzito. Mdogo wangu aliyenifuata alikuwa amezaliwa kwa watu, wakati wa njaa, tulipokimbilia Mlali kutafuta chakula. Alifariki kabla hajapewa jina. Bibi yangu, mama mzazi wa baba, alikuwa ameapa kwamba huyu mwingine atazaliwa nyumbani, katika chumba chake cha ndani, pale pale sakafuni alipozaliwa baba na nilipozaliwa mimi. Kama ni imani tu au kuna kitu ndani yake, sijui. Nimekaa kanisani maisha yangu yote na bado sijui. Najua tu kwamba mama alikuwa akiamini, na alipopita mbele ya mlango ule alikuwa akiugusa.

Ndipo wageni wakaja.

Walikuja na askari wa boma. Bwana mmisionari alikuwa mrefu, mwekundu shingoni, na pua yake ilikuwa ikichubuka kila siku kama kitunguu. Mkewe, ambaye sisi tulimwita mama mgeni, alikuwa mwembamba, mwenye haraka. Walikuwa na binti mdogo aliyekohoa. Na walikuwa na Mwalimu, mtu mweusi kama sisi, aliyesoma misheni upande wa pwani, akijua Kiswahili na Kigogo na adabu nyingi mno. Askari alisimama katikati ya zizi letu, kiboko chini ya kwapa, akasema kwamba mgeni huyu apewe mahali atakapopataka mwenyewe, na asisikie mtu amemkatalia. Akanywa kibuyu kizima cha maziwa mgando, akafuta ndevu, akaenda zake.

Rafiki yangu, askari yule hakurudi tena. Lakini kiboko chake kilibaki. Yaani hakikubaki, alikichukua, unanielewa.

Bibi aliwapa nyumba yake. Hakulazimishwa, niseme kweli. Alimtazama yule binti akikohoa kwenye upepo, akasema, "Walale kwangu mpaka wapate pao." Yeye na mimi tukahamia upande wa ndama. Alidhani ni siku chache. Hata Bwana alidhani hivyo. Alimwambia Mwalimu atuambie kwamba wanatafuta tu mahali panapofaa, na wakipapata watajenga upesi. Uwele ndiyo kwanza ulikuwa umevunwa. Mama alikuwa bado tumbo halionekani.

Sasa sikiliza hapo panapofaa palivyotafutwa.

Kwanza Bwana alipenda mahame, pale palipokuwa kaya ya watu waliomalizwa na ndui. Palikuwa tambarare, pamefyekwa, pana rutuba. Alisimama, akapanua mikono, akamwambia Mwalimu, na Mwalimu akageuka kwa wazee: "Bwana anasema hapa pazuri."

Wazee wakatazamana. Mmoja akajibu, "Pazuri, Bwana."

Kila mtu alijua hapajengwi. Waliozikwa pale walizikwa haraka, wengine ndani ya nyumba zao wenyewe. Lakini mgeni amekwisha sema pazuri kwa mdomo wake; utamrudishia maneno kooni? Tena mgeni wa askari? Siku ya kuanza kuchimba, mwanamume mmoja akaumwa mguu. Wa pili mgongo. Jirani yetu, mtu aliyebeba gogo peke yake, akasema ana homa ya meno. Bwana akaenda kumtazama meno, akaona ni mazima yote, akarudi amechoka. Alisema, nilisikia, kwamba watu hawa hawapendi kazi. Si kweli. Lakini yeye angejuaje? Nimejaribu mara nyingi kujiweka katika viatu vyake, vile vikubwa vyenye kamba, na kila mara naona ningesema vile vile.

Kisha akapenda kando ya mto wa mchanga, kwa sababu kulikuwa na majani mabichi. "Bwana anasema hapa pazuri." "Pazuri, Bwana." Pale ndipo ng'ombe wa kijiji kizima waliposhukia kwenda kunywa kwenye visima vya mchangani. Waliweka mawe ya msingi asubuhi, jioni ng'ombe wakapita juu yake. Wakayaweka tena, ng'ombe wakapita tena. Bwana akajenga ua wa miiba; ng'ombe wakasimama nje ya ua wakalia mpaka wachungaji wakaufungua. Na mvua zikija, pale ni mto wenyewe, ukuta wa maji unaobeba miti. Hakuna aliyelisema hilo. Walimwachia ng'ombe wamwambie.

Mimi nilikuwa nikichota maji hapo kila siku, nikimwona akipanga mawe yake upya. Siku moja aliniuliza kwa Kiswahili chake, "Mtoto, hapa pazuri?" Nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa mtoto, ningemwambia nini?

Miezi ikaenda. Huku nyumbani, ile nyumba ya bibi ilikuwa inabadilika mbele ya macho yetu. Kwanza jiwe la kusagia lilitolewa nje, kwa sababu kitanda chao kilikuwa na miguu ya chuma na hakikutosha. Bibi akawa anasaga uani, upepo unampeperushia unga. Kisha wakataka dirisha. Bwana alisema mtoto anakohoa kwa ajili ya moshi, na hilo lilikuwa kweli, tembe lina moshi, sisi wenyewe macho yetu yalikuwa mekundu. Akachukua sururu akasimama nyuma ya ukuta wa bibi, ule ukuta wa nje, usio na tundu. Mwalimu akauliza kwa adabu zake zote, "Bibi, Bwana anasema akifungua hapa kidogo patakuwa pazuri."

Bibi akatazama ile sururu. Akasema, "Pazuri."

Na tundu likatobolewa upande wa mawio, ili jua la asubuhi liingie. Liliingia, siwezi kukana. Likaingia na upepo wote wa Ugogo nyuma yake. Mama mgeni akaweka kitambaa, upepo ukala kitambaa. Akaweka ubao. Basi likawa dirisha lenye ubao, yaani ukuta, ila mbaya kuliko ule wa kwanza.

Ungedhani bibi angesema sasa. Hakusema. Alikuwa na msemo wake, "Mdomo uliokaribisha haufukuzi," na aliufuata kama sheria. Lakini ndani alikuwa anatokota, na alipata mahali pa kumwagia: mbuzi. Tulikuwa na beberu mmoja mzee aliyependa kulala mlangoni pa wageni. Kila asubuhi bibi alisimama pale akamhutubia kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani.

"Wewe beberu, kwenu hakuna? Umekuja siku moja unajinyoosha mwaka! Umetoboa ukuta wangu kwa pembe zako, umetoa jiwe langu nje, sasa unataka nini, nikutandikie na mgongo wangu?"

Baba alikuwa akijifanya anakohoa. Mama alikuwa akiingiza uso kwenye kanga, yaani kaniki, kanga hatukuwa nazo. Mama mgeni alitoka nje akitabasamu, akamwambia Mwalimu kwamba inapendeza jinsi bibi anavyozungumza na wanyama wake.

"Anasema nini?" akauliza.

Mwalimu alifuta jasho. "Anamtakia mbuzi asubuhi njema."

Nilicheka siku ile. Leo hainichekeshi sana. Mtu mmoja tu kijijini aliyeelewa lugha zote mbili, na kazi aliyoifanya ni kulainisha kila kitu kama anayepaka mafuta ngozi, mpaka hakuna kilichobaki cha kushika. Lakini niwe wa haki: yeye ndiye angechapwa kwanza, na pande zote mbili.

Kulikuwa na paa pia. Paa la tembe ni uwanja wa mwanamke; huko ndiko anakoanika mlenda, uwele na maboga yaliyokatwa. Bibi aliendelea kupanda juu ya paa lake kila siku, na kila hatua yake ilidondosha udongo chini, kwenye chai ya wageni. Mama mgeni alitundika shuka juu ya meza. Ni kweli bibi angeweza kuanika upande wetu wa ndama, paa lilikuwa tupu. Nilimwambia. Akanijibu, "Miguu yangu imezoea njia hii." Nadhani alikuwa anakanyaga kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika, lakini siwezi kuapa.

Tumbo la mama likakua. Mawingu yakaanza kujikusanya mchana na kutawanyika. Usiku nilimsikia mama akimuuliza baba, "Wataondoka lini?" na baba akijibu, "Wanatafuta." Akauliza, "Na mimi nikazalie wapi, kwa ndama?" Baba yangu alikuwa mwanamume hodari, simba alimkabili, lakini kwenda mbele ya Bwana akasema toka, hapana. Nilimwona mara moja ameondoka kwa hasira kwenda kusema. Alirudi amebeba gogo. Alikuwa amesaidia kujenga.

Ndiyo, maana hatimaye Bwana alikuwa amepata: kilimani. Mwinuko ulio wazi pande zote, unaotazama uwanda wote mpaka milima ya mbali inapokuwa buluu. Alisimama juu na kofia yake ameishika kwa mikono miwili isipeperuke, uso umejaa furaha. Alisema kengele itasikika mbali. Alisema mtoto atapata hewa safi.

"Bwana anasema hapa pazuri."

Kofia ilimponyoka, ikabingirika mpaka bondeni, watoto wakaikimbiza.

"Pazuri, Bwana," wakasema wazee.

Na safari hii hakuna aliyeumwa mguu. Mahame yana wafu, mto una ng'ombe, kilima kina upepo tu. Zaidi ya hapo, sote tulitaka atoke kwa bibi. Sasa naona hivyo. Tulimsaidia kujenga kosa lake kwa mikono yetu. Nyumba ilipanda ndefu, ya kusimama wima, na paa la nyasi lenye ncha, na madirisha makubwa upande wa mawio. Ilikuwa nzuri kuitazama. Mimi nilibeba nyasi, na nilipoona ilivyosimama kule juu nilijivuna, kana kwamba ni yetu.

Walihama kwa nyimbo. Bibi aliwasindikiza mpaka nusu ya mteremko, akarudi karibu anakimbia. Siku ile ile aliziba dirisha kwa udongo na mavi ya ng'ombe, akaingiza jiwe la kusagia, akawasha moto wake. Mama akaingia, akakaa sakafuni, akashusha pumzi ndefu. Yule beberu akalala mlangoni, na hakuna aliyemtukana.

Mvua ya kwanza ilikuja mchana, na uchungu ulimshika mama mchana huo huo. Wanaume walitolewa nje, wakajibanza chini ya mchirizi wa paa upande wa mbuzi. Mimi nilikuwa chumba cha mbele, nachochea moto na kuambiwa nisitazame. Upepo ulikuja mbele ya mvua, mwekundu, umebeba vumbi la nchi nzima. Nilisikia kule kilimani mlio kama kitambaa kikubwa kinachopasuka. Baba alipiga kelele, "Paa limeondoka!" Nilichungulia nikaliona angani, zima, linaruka kama kuku asiyejua kuruka, kisha likatawanyika.

Baada ya muda walikuja. Bwana amembeba binti kifuani ndani ya koti. Mama mgeni nywele zimemshikana usoni, ameshika saa ya ukutani, sijui kwa nini saa. Mwalimu nyuma yao na kasha kichwani, maji yanamtiririka. Walikuja moja kwa moja mlangoni pa bibi, kama watu wanaorudi kwao.

Bibi alitoka chumba cha ndani. Akashika mwimo wa mlango huku na huku. Ndani mama alilia kwa sauti niliyokuwa sijaisikia.

"Hapana," akasema bibi.

Mwalimu alifungua mdomo. "Bwana, bibi anasema karibuni sana, ila leo kidogo..."

"Mwalimu!" Bibi alimkatiza. "Usinipikie maneno. Lipeleke bichi kama nilivyokupa."

Mwalimu alisimama na kasha lake kichwani. "Bwana," akasema, "bibi anasema hapana."

"Hapana?" Bwana alilirudia kama mtu aliyeonjeshwa chakula kigeni. Akamtazama baba, akawatazama wanaume wote waliojibanza pale. Baba alikuwa amekauka. Nina hakika alikuwa anakiona kile kiboko. Mimi nilikiona.

"Mke wa mwanangu anazaa humu," bibi akasema. "Mwanamume haingii, awe wa boma, awe wa Mungu. Mwanamke aingie na mtoto wake, wapate moto. Wewe, Bwana, kakae na mbuzi."

Mwalimu alipeleka yote, mpaka mbuzi.

Kisha Bwana akanikabidhi mimi binti yake, maji yakidondoka, akainama chini ya mchirizi, akakaa kati ya baba na yule beberu. Beberu alinusa koti lake.

Mama mgeni aliingia. Sikuona ya chumba cha ndani, nisidanganye. Nilisikia bibi akisema, "Mshike mgongo. Hivyo. Kwa nguvu, wewe mwanamke, hujawahi kuzaa?" na mama mgeni akijibu kwa lugha yake, na wote wawili wakafokeana kila mtu kwa yake bila kuelewana, na nadhani hawakuhitaji. Mimi nilimpakata yule binti karibu na moto. Hakukohoa, au alikohoa sikusikia. Kisha nikasikia sauti ndogo, kavu, yenye hasira. Ndugu yangu. Alikuja duniani amekasirika, akaishi hivyo hivyo mpaka uzee, na bibi alikuwa akisema amerithi msimu ule.

Asubuhi Bwana aliinuka ananuka mbuzi. Alimsalimu bibi kwa Kigogo, "Mbukwa," bila Mwalimu. Kisha akauliza, na Mwalimu akapeleka bichi, maana alikuwa ameshamwogopa bibi: "Kwa nini mtu asiniambie kwamba kilima ni kibaya?"

"Uliuliza lini?" bibi akasema. "Ulikuwa unatuambia. Hapa pazuri, hapa pazuri. Umekuja na askari, tuseme pabaya?"

Bwana alikaa akifikiri. "Nami nilidhani ndiyo yenu ni ndiyo," akasema. "Ningejuaje?"

Hilo lilimuudhi bibi kuliko yote, maana lilikuwa kweli.

Ndipo Bwana akauliza, "Mama, kama ungekuwa wewe, ungejenga wapi?"

"Sasa ndiyo anauliza!" bibi akamwambia beberu. Lakini alijitanda kaniki yake akatoka, na sisi nyuma. Alitupeleka chini ya kilima, upande wa machweo, kwenye kibonde ambapo ng'ombe walikuwa wakilala wenyewe adhuhuri. Ng'ombe hawalali penye upepo. Kila mtoto aliyechunga alijua hilo, mimi nikiwa mmoja. Bwana aliingia katikati yao, akasimama. Kofia yake ilitulia kichwani.

Pale wakajenga tembe, refu kidogo kuliko letu ili asipasue kichwa, na dirisha moja upande wa machweo. Bibi alibishana naye juu ya dirisha lile mpaka sauti ikamkauka. Alisema fisi watamchukua mtoto. Hakuna fisi aliyekuja. Na dirisha lile ndilo lililonifundisha herufi, maana mama mgeni alitukalisha chini yake mchana, na bibi naye akawa anakuja, anasema amepita tu, anakaa penye mwanga anachagua karanga. Alipozeeka macho alimwomba baba amtobolee la kwake. Baba akakataa. Akamwambia fisi.

Kisha vita vikaja, wageni wakachukuliwa, na sikujua walipelekwa wapi. Tembe lisilokandikwa halikai. Mvua moja, mbili, paa linashuka polepole kama mtu anayekaa chini, na udongo unarudi kuwa udongo. Nyumba ya bibi nayo ilikwenda hivyo baada yake, na chumba kile cha ndani kiko mahali fulani chini ya shamba la mtu. Mawe ya kusagia watu wameyafanya ngazi za milangoni. Siku hizi tunakaa chini ya bati, mvua ikinyesha hatusikilizani, na hakuna mwanamke mwenye paa la kuanikia mlenda.

Nilikuwa nimeishia hapo nikasikia lori.

Mjukuu wangu ameshusha mawe yote, marundo mazuri. Nilitoka na daftari bado mkononi. Nikamwambia, "Hapana."

"Hapana nini, Bibi?"

"Pale juu si pazuri. Bati lako litakwenda Singida."

Alinitazama, mikono kiunoni. "Bibi! Asubuhi si ulisema pazuri? Mawe nimeshayashusha!"

"Yapakie."

Alizunguka akatazama mawe, akatazama mbingu, akamtazama dereva, dereva akatazama pembeni. Nilimwonea huruma, kweli. Alikuwa amechoka, na haki ilikuwa yake. Mwisho akacheka kama mtu anayetaka kulia. "Haya. Basi wewe Bibi ungejenga wapi?"

Nikainua mkono nimwonyeshe, nikageuka kutafuta ng'ombe wamelala wapi. Nikabaki na mkono hewani. Hatuna ng'ombe tena, rafiki yangu. Kijiji kizima wamebaki wa mtu mmoja, naye huwafunga bandani.

Basi nilikwenda mwenyewe. Nilishuka mteremko polepole, kanga yangu inapiga mgongoni pap pap pap, mjukuu wangu nyuma na vigingi vyake, ananung'unika. Nikatembea hivyo, nasimama, nasikiliza mgongo wangu, natembea tena, mpaka mahali fulani kanga ikanyamaza.

"Hapa," nikamwambia. "Piga kigingi."